Debe Moja Likawa Matatu

Nilirudi na mfuko wa misumari
nikaikuta pikapu yangu imevishwa pingu,
gurudumu la mbele, upande wa dereva,
pingu mpya, njano ya kiini cha yai la kienyeji.
Umazi wa kaunti, kofia usoni, alikuwa keshaanza kuandika.

"Hapa hapaegeshwi," akasema.
Nikamuuliza, "Imeandikwa wapi?"
Akanyoosha kalamu chini.
Tukatazama sote watatu, yeye, mimi,
na kijana wa tuktuk aliyesogea kwa kuwa watu wamesimama.
Chini palikuwa na lami.
Ganda la korosho. Mchanga ulioletwa na upepo.
Doa la oili lenye umbo la Pemba.
Mstari haukuwapo,
ama ulikuwapo kwa anayetaka kuuona.

Kijana akasema, "Sheria isiyoonekana ni mtego."
Muuza kahawa akavuka barabara kuja kumpinga:
nani Malindi asiyejua? Gari la zimamoto hupindia hapa.
Mwingine akasema kibao kilikuwapo,
kikauzwa kwa kilo, pamoja na mlingoti wake.
Mwingine: usipoona mstari, muulize mwenye duka.
Mwenye duka akaingia ndani.
Hakutaka kuwa mstari.

Umazi hakuwa na hasira.
Alikuwa na jua la saa saba kisogoni
na kitabu cha risiti kinachohesabiwa kila jioni.
"Mzee Lali," jina alilisoma kwenye leseni,
"niambie tu kwamba haukuwahi kuwapo,
mbele ya hawa, nami nitakufungulia."

Hapo ulimi ukaniganda.

Kwa sababu ule usiku nilikuwapo.
Mwezi wa Shaabani, miaka sita imepita,
mimi na Ngumbao, Mungu amrehemu, na kamba ya chokaa,
tuliupiga mstari toka kinu cha nazi hadi mtaroni.
Mkandarasi alituletea madebe manne
kwa barabara ya madebe kumi na mawili.
"Tieni petroli," akasema, "iteleze."
Debe moja likawa matatu.
Rangi ikatoka nyepesi, uji wa mgonjwa.

Asubuhi ulipendeza. Wallahi ulipendeza,
umenyooka kama safu ya swala.
Picha zikapigwa, hundi ikatiwa sahihi,
nami kwa fungu langu nikanunua mabati kumi na manne.
Hayajavuja hadi leo.
Masika moja ikaula mstari nusu.
Magurudumu yakamaliza sahani.

Nikisema haukuwapo, nafunguliwa.
Nikisema ulikuwapo, wataniuliza nimejuaje.
Kijana wa tuktuk akanikonyeza: sema, mzee, sema.

Nikainama kama mtu anayefunga kamba za viatu,
nami nimevaa makubadhi.
Kwenye ufa, kando ya jiwe la mtaro,
kidole kikagusa kitu kigumu,
gamba dogo, kadiri ya ukucha wa mtoto,
njano, halijapauka hata chembe.
Hapa ndipo Ngumbao alipojikwaa na debe la kwanza
kabla halijatiwa kitu.

Nikalifunika kwa gumba.
"Ngapi?" nikamuuliza Umazi.
"Elfu mbili na mia tano."
"Andika."

Muuza kahawa akacheka, ameshinda.
Kijana akaguna, akaenda zake,
ananiona mwoga, na mwoga kweli ni mimi,
ila si kwa jambo analodhani.
Nikalipa kwa simu. Pingu ikaachia.
Risiti ikasema: kuegesha juu ya mstari.

Nikaondoka polepole, misumari ikilia kwenye kiti.
Sijafika hata kinuni, nikatazama kiooni:
probox nyeupe imeshaingia pale pale.
Dereva akashuka,
akatazama chini, kulia, kushoto,
hakuona kitu,
akafunga mlango.